Kerneli haijui kilichomo ndani ya chipu
Wengi hudhani kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikiwaka hujitafutia yenyewe kila kifaa. Kwenye kompyuta ya mezani kuna ukweli: vifaa vilivyounganishwa kwa njia za PCI na USB hujitambulisha vikiulizwa. Ndani ya chipu nyingi za ARM, kama zile za simu, bandari za seriali, vipima muda na vidhibiti vya pini hukaa kimya kwenye anwani zao, na kusoma anwani isiyo na kitu kwaweza kuisimamisha mashine nzima. Ndiyo maana huandikwa mti wa vifaa (device tree), maelezo ya vifaa ambayo kerneli husoma ikiwaka. Huo si draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa; hauwashi chochote. Hueleza tu kilichopo na kilipo. Kumbukumbu (RAM) hutajwa kwa anwani ya mwanzo na ukubwa, kwa namba za msingi wa 16: kwa mfano 0x80000000 kisha 0x10000000, yaani ukubwa wa MB 256. Ukitangaza kumbukumbu isiyokuwepo, kerneli itakuamini, na itaanguka ikiigusa.