Lenzi pana za zamani: yanayosemwa sokoni na yaliyochorwa kwenye chuma

Anayetafuta lenzi pana ya zamani, yaani inayochukua eneo kubwa kwa picha moja, ya milimita 20, 24, 28 au 35, hukutana na maneno mengi kabla hajaishika lenzi yenyewe. Muuzaji ana lake, rafiki mwenye kamera ana lake, na bei hupanda kwa jina tu. Msimamo wangu ni kwamba lenzi za kulenga kwa mkono, yaani za kuzungusha pete hadi picha iwe kali, zimechorwa habari zao mwilini, na aliyejifunza kuzisoma hana haja ya kutegemea sifa za mdomoni. Hapa chini kila kichwa ni dai la sokoni, na chini yake ni jibu langu.

"Imeandikwa Auto, kwa hiyo inajilenga yenyewe"

Auto kwenye Nikkor-H Auto (lenzi ya Nikon) au Zuiko Auto-W (ya Olympus) haihusiani kabisa na kulenga. Inahusu tundu, nafasi ya ndani inayopitisha mwanga. Lenzi za kabla ya hapo zilimlazimu mpiga picha alenge tundu likiwa wazi, kisha azungushe pete kulifunga hadi f/8 au f/11 (namba ikikua, tundu hupungua), ndipo apige. Lenzi ya Auto hubaki wazi ili uone vizuri kwenye kitazamio, na tundu hujifunga lenyewe pale kitufe kinapobonyezwa. Kamera za refleksi (zenye kioo cha kuakisi picha hadi kwenye kitazamio) zilizo na mota ya kulenga mwilini zilishika soko kuanzia Minolta 7000 ya mwaka 1985, kwa hiyo lenzi ya mwaka 1968 yenye neno Auto utailenga kwa vidole vyako.

Mnunuzi wa lenzi za M42, zinazofungwa kwenye kamera kwa uzi kama skrubu, asilipuuze hili. Baadhi zina swichi ya A na M: iweke M, tundu litafuata pete. Zisizo na swichi zina pini ndogo nyuma, na adapta (pete ya kuunganisha lenzi na kamera ya aina nyingine) isiyo na ukingo wa kuibonyeza pini hiyo italiacha tundu wazi muda wote, hata ukizungusha pete mpaka f/16.

"Herufi za mbele ni mapambo, na 28mm f/2.8 zote ni moja"

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha, na ndipo lenzi inaposema mengi zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1970 Nikon iliandika idadi ya vioo vya ndani kwa herufi baada ya jina: H ni vioo sita, S saba, O vinane, N tisa, na UD ni kumi na kimoja. Nikkor-N Auto 24mm f/2.8 iliyotoka mwaka 1967 ina vioo tisa, na ndiyo iliyoleta mpango wa Nikon wa vioo vinavyosogea kwa mwendo tofauti ndani ya lenzi ili picha za karibu zisiharibike pembeni. Minolta ilitumia herufi mbili, ya kwanza kwa makundi ya vioo na ya pili kwa vioo vyenyewe, W.Rokkor-HG 35mm f/2.8 ina makundi sita na vioo saba. Olympus iliitanguliza herufi mbele ya jina, na G.Zuiko 28mm f/3.5 ina vioo saba.

Baada ya herufi kuondolewa, kazi ikawa ngumu zaidi. Nikon iliuza lenzi tatu tofauti kabisa za kulenga kwa mkono zilizoandikwa 28mm f/2.8: Series E, AI na AI-S. Series E ina vioo vitano. Ya AI ina saba na hulenga hadi sentimita 30. Ya AI-S ina vinane, vioo vyake husogea kwa kulenga karibu, na hufika sentimita 20. Ukiitazama kwa haraka, AI na AI-S zinafanana sana. Usikisie: angalia mwisho wa pete ya kulenga. Ikiishia 0.2 m, umeshika AI-S, na namba ya mwisho ya tundu, 22, itakuwa na rangi ya chungwa. Hiyo ni miongoni mwa lenzi pana bora nilizozijua za bei inayofikika, na inasikitisha kuona mtu akilipa bei yake kwa Series E.

Vivitar nayo haikuwa na kiwanda chake cha lenzi hizi. Iliagiza kutoka kampuni mbalimbali za Japani. Kwa lenzi nyingi za miaka ya 1970 na 1980, tarakimu mbili za mwanzo za namba ya mfululizo humtaja mtengenezaji: 22 ni Kino Precision, waliouza pia kwa jina la Kiron, 28 ni Komine, 37 ni Tokina. Anayesema "Vivitar ni mbaya" au "Vivitar ni nzuri" hajasema kitu bado. Muulize namba inaanzaje.

"Lenzi pana ndogo za kamera za aina ya Leica daima huzishinda za refleksi"

Kwenye filamu, dai hili lina ukweli ndani yake. Lenzi ya milimita 21 ya kawaida hutaka kukaa karibu sana na filamu, na kamera isiyo na kioo cha kuakisi, kama Leica, inairuhusu. Ludwig Bertele alipobuni Biogon 21mm f/4.5 ya Zeiss, iliyotoka mwaka 1954 kwa kamera za Contax, kioo cha nyuma kiliingia ndani kabisa ya mwili wa kamera, na mistari katika picha zake ilinyooka ajabu. Kwenye refleksi, kioo cha kuakisi kinahitaji nafasi ya kuruka juu. Nikkor-O 21mm f/4 ya Nikon F ilibidi itumike kioo kikiwa kimeinuliwa na kufungwa huko juu, mpiga picha akitazama kwa kitazamio cha pembeni.

Dawa ilitoka Ufaransa. Mwaka 1950 Pierre Angénieux alitoa Retrofocus 35mm f/2.5, lenzi iliyowekewa kioo kikubwa cha kutawanya mwanga mbele ili vioo vya nyuma viweze kukaa mbali na filamu. Zeiss wa Jena, Ujerumani Mashariki, wakafuata kwa Flektogon 35mm f/2.8, na kutoka hapo njia hiyo ikawa ya wote. Ndiyo sababu lenzi pana za refleksi zina uso mpana kuliko unavyotarajia.

Sensa ya kidijitali imegeuza hesabu. Mwanga unaotoka kwenye lenzi iliyokaribia mno hufika pembeni ukiwa umelala, hupenya kioo cha kinga cha sensa kwa mshazari, na matokeo yake ni pembe za picha zilizofifia au zenye rangi ya zambarau. Lenzi za refleksi hupeleka mwanga ulionyooka zaidi. Kwenye kamera nyingi za leo zisizo na kioo cha kuakisi, Flektogon au Nikkor ya kawaida itakupa pembe safi kuliko lenzi ya aina ya Leica yenye gharama mara kadhaa.

"Uzi wa milimita 42 ni M42, na adapta hufunga chochote"

M42 ina upana wa milimita 42 na hatua ya uzi (umbali kati ya mzunguko mmoja na unaofuata) ya milimita 1. T-mount, aina nyingine ya uzi wa lenzi, ina upana huohuo lakini hatua ya 0.75. Zikilazimishwa, zitazunguka kidogo kisha kukwama, na uzi wa alumini haupendi mabavu.

Kuhusu adapta, tazama umbali kutoka mdomo wa kamera hadi filamu au sensa: Nikon F ni milimita 46.5, M42 45.46, Canon EF 44, Minolta ya mkono 43.5, Canon FD 42, Sony E 18 tu. Lenzi huhamia kwa urahisi kwenye kamera yenye umbali mfupi kuliko wake. Ndiyo maana Nikkor hukaa vizuri juu ya Canon EF, ilhali Canon FD, ya kampuni ileile, huhitaji adapta yenye kioo ili ilenge mbali, na kioo hicho hupunguza ubora. Kwa Sony E zote zinaingia.

Na ukiwa na sensa ndogo ya APS-C, lenzi ya milimita 28 haigeuki kuwa ya 42. Inabaki 28, sensa inakata kingo tu, na unachokiona ni upana wa lenzi ya 42. Ukitaka upana halisi kwenye sensa hiyo, anza na milimita 20.

"f/2 ni bora kuliko f/3.5"

Ni nzito zaidi, ghali zaidi, na mara nyingi laini pembeni ikiwa wazi. Mandhari na majengo hupigwa f/8. Zuiko na Super-Takumar (ya Pentax) za 28mm f/3.5 ni ndogo, hupatikana, na zinatosha.

"Vumbi ndani limeiua, fangasi ni doa tu"

Ni kinyume chake. Chembe chache za vumbi hazionekani kwenye picha. Mkwaruzo mwepesi wa kioo cha mbele mara nyingi hauna athari, ingawa lenzi pana ikifungwa hadi f/16 na jua likiwa mbele unaweza kujitokeza. Kioo cha nyuma ndicho cha kuogopewa, kwa kuwa kasoro yake iko karibu na sensa.

Fangasi hula koti la kioo (utando mwembamba wa kupunguza mng'ao) na huacha alama hata baada ya kusafishwa. Anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja anajua jinsi unyevu wa pwani unavyoingia kila mahali, na begi la ngozi lililofungwa kabatini ndilo shamba la fangasi. Kabla ya kulipa, fungua tundu lote, mulika tochi kutoka nyuma kwa mshazari, utafute nyuzi kama za buibui. Ukungu mweupe uliotanda sawasawa ni kitu kingine, mara nyingi mvuke wa grisi, na fundi anaweza kuufuta. Nyumbani, iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, unyevu ukiwa kati ya asilimia 40 na 50.

Kuna pia hofu ya mionzi. Si kweli kwamba Takumar zote zina thoriamu, metali yenye mionzi. Ni baadhi ya lenzi, hasa zenye tundu kubwa, pamoja na Canon FD 35mm f/2 ya zamani yenye kioo cha mbele kilichobonyea ndani. Dalili ni kioo chenye rangi ya chai, ambayo hupungua kikikaa muda kwenye mwanga wa urujuanimno. Kupiga nayo hakukudhuru. Usikivunje wala kukisaga kioo hicho.

"Kulenga kwa mkono ni kwa vitu visivyotembea"

Lenzi pana ndiyo inayoikanusha kauli hii vizuri zaidi. Kwenye sensa kamili (yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35), weka 28mm kwenye f/8, lenga mita 3.3, na kila kitu kutoka takriban mita 1.65 hadi upeo wa macho kitakuwa wazi. Mtu akikatiza uchochoro wa Mji Mkongwe huna la kuzungusha. Ila hakiki kwanza: adapta nyingi hutengenezwa fupi kidogo kwa makusudi, hivyo alama ya mbali kabisa kwenye pete haisemi kweli. Lenga mnara au kilele kilicho mbali ukiwa umekuza picha kwenye skrini, uone pete inasimama wapi, na uhesabu kuanzia hapo.