Nani kakwambia umezoea kukesha?

Kwenye kazi yangu ya afya ya akili nawaona madaktari tarajali wengi tu, wanakuja jioni jioni wenzao wasiwaone, na ukimuuliza analalaje anakujibu kwa kujiamini kabisa "aah dokta, mi nishazoea". Hapo ndo naanza kuogopa.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichukua watu wazima wenye afya zao, kundi moja likawa linalala masaa sita tu kila usiku kwa wiki mbili (masaa sita, tarajali wa wodi ya wazazi akiyapata anamshukuru Mungu). Wiki mbili zilipoisha umakini wao kwenye vipimo ulikuwa umeshuka mpaka kuwa kama wa mtu aliyekesha usiku mzima, na kundi lililolala masaa manne lilikuwa hoi zaidi. Sasa cha ajabu, wakiulizwa wanajisikiaje wanasema kausingizi kapo ila sio sana. Yaani ubongo unaotakiwa kupima uchovu ndo huohuo uliochoka, utakupaje jibu sahihi?

Na hao hawakukesha. Ukikaa macho masaa 17 unafanya kazi kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, ukifika 24 inakaribia 0.10, halafu saa tisa usiku mpaka kumi na moja mwili wenyewe umeshazima taa, na hapohapo unaitwa kupiga hesabu ya dozi ya mtoto.

Ila mi kinachonileta kwenye hii mada ni moyo, yaani hisia. Usipolala, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayobeba hofu na hasira, inalipuka hovyo kwa sababu sehemu ya mbele inayoituliza imeishiwa nguvu, ndo maana unamfokea sista kisa kanyula (kile kimrija cha dripu) halafu unajifungia chooni unalia na hujui unalia nini. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010 kwa madaktari tarajali, kabla ya kuanza mafunzo wenye dalili za sonona hawakufika 4 kwa kila 100, ndani ya mwaka wa mafunzo wakawa kama 25, na wingi wa masaa ulikuwa mmoja wa visababishi. Sasa mtu anajiona dhaifu, anaona udaktari sio wake, kumbe anadaiwa usingizi!

Marekani waliweka kikomo cha masaa 80 kwa wiki tangu 2003, Ulaya ni 48. Themanini bado ni wazimu kwa maoni yangu, lakini huku kwetu hata kuyahesabu hatuhesabu, na ukipunguza masaa bila kuongeza watu unamtwisha tu aliyebaki wodini.

Kwa leo: ukipata upenyo kabla ya saa tisa usiku lala dakika 20, kahawa iache mapema maana baada ya masaa matano hivi nusu yake bado iko mwilini, na ukitoka zamu ndefu usiendeshe, tarajali wa Marekani waliotoka zamu za masaa 24 na zaidi uwezekano wao wa kupata ajali ya gari ulikuwa mara mbili na ushee ya waliotoka zamu fupi. Lala kwanza hapohapo chumba cha madaktari, hata kama hicho kitanda mnakijua wenyewe kilivyo.