Mateka wa vita na kazi: nani hulazimishwa?

Wengi huamini kwamba askari aliyetekwa vitani hawezi kulazimishwa kufanya kazi yoyote, na kwamba kumpa koleo tayari ni uhalifu. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, ila inawahusu maafisa.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, ibara ya 49, unaruhusu askari wa kawaida mwenye afya afanyishwe kazi. Sajini na koplo husimamia tu. Afisa halazimishwi kabisa. Ndiyo maana cheo ni jambo zito: anayekataa kukitaja anapohojiwa anaweza kupunguziwa haki za cheo chake.

Kazi yenyewe ina mipaka. Kulima, sawa. Kutegua mabomu ya ardhini bila kujitolea mwenyewe, hapana. Kila siku apate mapumziko ya mchana yasiyopungua saa moja, kila wiki saa 24 mfululizo, na afya yake ipimwe angalau mara moja kwa mwezi. Ujira? Usipungue robo ya faranga ya Uswisi kwa siku nzima, kiasi ambacho leo ni kama hakuna kitu.

Ukisoma kisa cha mateka, tazama kwanza cheo chake na mwaka. Cha Vita Kuu ya Pili hupimwa kwa mkataba wa 1929, si huu. Kisha fungua ibara za 49 hadi 57 uzisome mwenyewe, ni fupi.