Dawa ya kuhara damu ya kuku na nguvu za seli: maswali ya wafugaji wa Bukavu

Wafugaji wa Kadutu, Bagira na Ibanda hununua provenda ya kuku iliyokwisha kutiwa dawa ya kuhara damu (koksidiosisi) ya kundi liitwalo ionofori, kisha huuliza kwa nini chakula hicho kinachomfaa kuku kinaweza kumuua sungura au mbwa wa parseli hiyo hiyo. Jibu limo katika namna seli inavyopata na kutumia nguvu.

Ionofori ni dawa za namna gani?

Nyingi hutengenezwa na bakteria wa udongo wa jenasi Streptomyces. Utando wa seli umeundwa kwa mafuta, kwa hiyo ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na potasiamu haziwezi kuupita zenyewe. Ionofori huzikumbatia na kuvuka nazo. Zinazotumika sana kwa mifugo ni monensini, lasalosidi, salinomisini na narasini.

Zinaharibuje nguvu za seli?

Seli ya mnyama huhifadhi sodiamu kidogo ndani na kuiacha nyingi nje, na tofauti hiyo hulindwa na pampu ya utando ambayo, kila inapotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, hutumia molekuli 1 ya ATP, ambayo ndiyo nguvu ya matumizi ya seli. Monensini huingiza sodiamu na kutoa hidrojeni, na pampu hulazimika kufanya kazi bila kupumzika, kama mvuvi wa Ziwa Kivu anayekumba maji katika mtumbwi uliotoboka, huku ATP ikizidi kupungua. Halafu linakuja pigo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya zaidi: sodiamu ikijaa ndani, njia inayotoa kalsiamu kwa kubadilishana na sodiamu hudhoofika, hata hugeuka na kuiingiza, na kalsiamu hiyo huzidi katika mitokondria, yaani mahali penyewe ATP inapotengenezwa, mpaka zikavimba na kushindwa kazi. Seli inabaki na matumizi makubwa na mapato madogo.

Valinomisini, ionofori ambayo ni ya maabara zaidi kuliko ya banda, hufuata njia nyingine. Mwaka 1964 watafiti Moore na Pressman walionyesha kwamba huvusha potasiamu hadi ndani ya mitokondria. Oksijeni huendelea kutumika, lakini nguvu inayopatikana hupotea kabla ya kuwa ATP.

Kwa nini kimelea hufa na kuku hubaki hai?

Kimelea cha koksidia, kinacholeta kuhara damu, hukutana na dawa ndani ya utumbo kabla hakijajificha katika seli za kuku, na hakina uwezo mkubwa wa kuitoa sodiamu inayokiingia: humaliza nguvu zake, hujaa maji, hupasuka. Kuku hupata dozi ndogo, na ini lake huivunja. Wanyama hawalingani katika hilo. Kiasi cha monensini kinachoua nusu ya kuku ni takriban miligramu 200 kwa kilo ya uzito, ilhali kwa farasi ni miligramu 2 hadi 3 tu. Narasini imewahi kuua sungura, na salinomisini ni hatari kwa bata mzinga wakubwa. Moyo na misuli huumia mapema, kwa kuwa havistahimili kukosa nguvu.

Naweza kuchanganya mwenyewe kwa kukadiria?

Hapana, tafadhali. Kwa kuku wa nyama kipimo cha kawaida cha monensini ni gramu 100 hadi 120 kwa tani ya chakula, yaani gramu 5 au 6 tu kwa gunia la kilo 50. Unga wa dukani huwa si dawa tupu: wenye asilimia 10 utahitaji gramu 50 kupata gramu 5 za dawa, na wenye asilimia 20 utahitaji gramu 25. Anayebadilisha aina bila kusoma karatasi ya mfuko anaweza kuongeza dozi maradufu pasipo kujua, na mchanganyiko usiokorogwa vizuri huwapa kuku wachache sumu na wengine wasipate kitu. Kuku wanaotaga mayai ya kuliwa hawapewi monensini.

Je, inaweza kutolewa pamoja na dawa nyingine?

Tiamulini, ambayo ni antibiotiki ya mifugo, isitolewe pamoja na monensini, salinomisini wala narasini, kwa sababu huzuia ini kuzivunja, na dozi ya kawaida hugeuka sumu.

Binadamu je?

Si dawa ya binadamu. Kuna visa vilivyoandikwa vya watu waliomeza monensini, misuli yao ikaharibika, figo zikashindwa kazi, wakafa. Anayechanganya avae glavu na barakoa, na mfuko uwekwe mbali na watoto.

Nikiona dalili nifanye nini?

Kuku hukataa chakula, hulegea miguu na kulala kifudifudi, miguu ikiwa imenyooka nyuma; sungura au mbwa hudhoofu, hupooza, na mkojo unaweza kuwa wa rangi ya kahawia. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu hii. Ondoa provenda mara moja, wape maji safi, usiwakimbize wala kuwabebabeba, kwa kuwa kila mwendo hutumia ATP ambayo hawana, kisha mwite veterinera na umwonyeshe mfuko pamoja na sampuli ya chakula kilichobaki.