"Tuliziangalia Nje, Zikafanana"

Sentensi hiyo nimeshaisikia mara nyingi mno. Siku hizi nikiona mtu anaingia na vipande viwili vya kitambaa mkononi najua atakachosema kabla hatujasalimiana. Safari hii alikuwa katibu wa kwaya, wa hapa hapa Mbeya. Tetroni ya damu ya mzee, majora mawili, sare 32 zimeshashonwa na vifungo juu.

"Fundi, tulizitoa nje tukaziangalia juani kabisa, mchana kweupe. Zilikuwa kitu kimoja. Jumapili tumepanda mbele kuimba, nusu ya kwaya imegeuka kahawia!"

Kwanza, mama, mimi si fundi cherehani. Mimi ni mkaguzi wa rangi. Kazi hii niliifanya kiwandani miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Pili, sikatai kwamba nje zilifanana. Nina hakika zilifanana. Shida ni kwamba mliuliza taa moja tu.

Niliviweka vipande kwenye boksi la taa, kingo zimegusana, uzi umeelekea upande mmoja. D65, taa inayoiga mwanga wa mchana: safi, skeli ya kijivu 4-5 (5 ni kufanana kabisa, 1 ni kuachana sana). TL84, taa ya mirija ya madukani: 3, na hapo nimewaonea huruma. Taa A, ile ya njano: kimoja kikawaka kama tofali, kingine kikabaki kimelala. Boksi langu ni la zamani, halina LED, na kanisani kwao ndizo zilizofungwa, kwa hiyo nikavipeleka chini ya taa ya dari ya dukani. Kahawia ile pale.

Hiyo ndiyo metamerizimu, rangi kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, na nitaieleza kwa hesabu ya soko la Mwanjelwa kwa sababu maelezo ya vitabuni hayajawahi kumsaidia mteja wangu hata mmoja. Watu wawili wametoka sokoni, kila mmoja katumia elfu kumi. Mmoja kanunua viazi na nyanya, mwingine mchele wa Kyela na dagaa. Ukiuliza jumla, wako sawa. Kesho viazi vikipanda bei, jumla zinaachana, ingawa hakuna aliyebadilisha kikapu. Jicho letu husoma jumla tu. Lina vipokezi vya aina tatu vya rangi, halioni kilichomo kikapuni. Kikapu ni mchanganyiko wa dawa za rangi aliotumia mpishi wa kiwanda. Bei ni taa. LED nyeupe za kawaida zina upungufu wa ule wekundu wa mwisho kabisa, na damu ya mzee inaishi huko huko. Kwa hiyo majora mawili yaliyopikwa kwa dawa tofauti yanaweza kupatana juani na kugombana madhabahuni.

Tetroni ndiyo mbaya zaidi, maana ile ya mchanganyiko ina nyuzi za aina mbili na kila moja inataka dawa yake. Poliesta hupikwa kwa joto la kama nyuzi 130, pamba hutiwa rangi nyingine kabisa. Mpishi akibadilisha kimoja kati ya hivyo vikapu viwili, namba ya rangi kwenye lebo inabaki ile ile. Tafadhali msinionyeshe lebo. Namba ya rangi ni jina. Ninachotaka kujua ni namba ya mpiko, yaani kitambaa kilipikwa rangi kwenye mkupuo upi.

Halafu hilo jua mnaloliapia ni lipi? La saa moja asubuhi, ukungu umefunika mlima Loleza, au la saa sita? Kivulini mwanga unatoka angani na ni wa buluu zaidi. Ukisimama chini ya turubai la buluu sokoni, kila kitambaa kimeshapakwa buluu bure. Udongo mwekundu nao unarusha wekundu wake juu ya nguo, na hakuna anayeuona. Vitabu vya Ulaya vinasema tumia dirisha la kaskazini, kwamba halipigwi na jua. Huko kwao, sawa. Sisi tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta: kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini, linaingia moja kwa moja kwenye hilo dirisha mliloambiwa ni salama. Nimemwona msimamizi wa ukaguzi akibishana na jua kwa sababu kitabu kimesema.

Mengine haraka haraka. Kitambaa kilichotoka kwenye pasi, subiri kipoe. Kibichi, subiri kikauke. Gabadini usiigeuze kichwa chini ukailinganisha na iliyo wima. Mikono isikatwe ukingoni mwa jora wakati kifua kimetoka katikati, maana jora lenyewe linaweza kutofautiana na nafsi yake. Shati jeupe la shule lenye dawa ya kung'arisha litawaka juani na kuwa la maziwa chini ya LED. Halijachakaa, limekosa tu miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inayoiwasha dawa hiyo.

"Basi ungepima kwa mashine ya rangi." Ninayo, na ninaiheshimu. Wengi hukubali delta E, namba ya tofauti ya rangi, ya 1 kwa fomula ya CMC 2:1, nami hukubali hivyo hivyo, lakini 1 hiyo ni makubaliano ya watu, haikushuka na mvua. Kwenye rangi za giza, hasa buluu ya bahari na hii damu ya mzee, mashine imewahi kuniambia 0.7 nami nikaona tofauti waziwazi. Nani kakosea? Zamani ningesema mashine. Sasa nimepita hamsini, na lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo buluu ninayoiona si lazima iwe unayoiona wewe. Jioni nikishaangalia nyekundu nyingi simwamini mtu yeyote, nikiwemo mimi. Namwita binti wa dada yangu, ana miaka 19, namwambia asifikirie, aseme ndani ya sekunde tano. Mara nyingi namfuata yeye. Kwenye ripoti huandika jina langu.

Kwaya haikuwa na hela ya kitambaa kingine. Nikawaambia wasichanganye: sare za jora la kwanza wavae soprano na alto, za jora la pili wavae teno na besi, na kati ya makundi waache nafasi ya mtu mmoja. Tofauti ikionekana imepangwa, waumini wataona ni mtindo. Katibu akacheka, "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka na sare zake.

Hesabu haikukamilika, lakini. Kuna besi mmoja, mrefu sana, na sare pekee inayomtosha ni ya jora la kwanza. Wamemweka nyuma, karibu na spika.