EPICS: kifaa kinavyopata jina kwenye mtandao wa maabara kubwa

Huko Harwell, Uingereza, sinkrotroni ya Diamond, yaani mashine ya kuongeza kasi ya chembe, huzungusha elektroni kwenye njia yenye mzingo wa takribani mita 562. Mhandisi akitaka kujua mkondo wa elektroni hizo ni kiasi gani sasa hivi, hana haja ya kukifuata kipimo wala kuuliza kimefungwa kwenye kompyuta ipi. Anaandika jina tu: SR-DI-DCCT-01:SIGNAL. Anapata namba, kizio chake, saa iliposomwa na hali yake ya tahadhari.

Mfumo unaowezesha hayo ni EPICS, programu huria iliyotokana na ushirikiano wa maabara za Los Alamos na Argonne za Marekani. Mradi wa ITER wa nishati ya muunganiko wa nyuklia kule Ufaransa unautumia, na maabara ya iThemba LABS ya Afrika Kusini pia. Jina kama lile la juu huitwa PV (process variable), yaani thamani moja yenye jina lisilofanana na jingine kwenye mtandao huo. Kuunganisha kifaa maana yake ni kukipatia PV. Kuvuta kebo ndiyo sehemu rahisi.

Programu inayobeba PV huitwa IOC (Input/Output Controller). Chukua pawa saplai ya sumaku inayoelewa amri za maandishi: ukiitumia MEAS:CURR? inajibu, tuseme, 12.48. Ndani ya IOC unaweka rekodi, yaani sehemu inayotunza thamani ya PV, ya aina ya ai (analog input, ingizo la namba) na kuiagiza isome kila sekunde. Ila rekodi haijui lugha ya pawa saplai, kwa hiyo lazima pawe na tabaka la kutafsiri hapo kati. Kwa vifaa vya namna hii wengi hutumia StreamDevice, iliyotoka Paul Scherrer Institut, Uswisi. Kiini cha tafsiri ni mistari miwili kwenye faili, mmoja wa kutuma amri na mmoja wa kupokea namba:

out "MEAS:CURR?";
in "%f";

Basi. Huandiki hata mstari mmoja wa lugha ya programu ya C. Kifaa chenye itifaki ya baiti na nyaraka nusunusu ni habari nyingine, na hapo ndipo wiki zinapokwenda.

Upande wa chumba cha udhibiti, kwa kawaida hakuna daftari kuu la majina. Kompyuta hutangaza mtandaoni kwa UDP (njia ya kutuma ujumbe bila kwanza kufungua muunganisho), poti 5064, kama mtu anayeita jina la abiria stendi: IOC zisizohusika hunyamaza, yenye jina hilo huitika. Kisha muunganisho wa kudumu wa TCP kati ya hizo mbili hufunguliwa, na IOC hutuma taarifa kila thamani inapobadilika. Faiwoli ikizuia tangazo lile la kwanza, skrini zote zitaonekana zimekufa ilhali vifaa vinachapa kazi kama kawaida.

Kwa maoni yangu, kifaa hakijaunganishwa mpaka umechomoa kebo yake makusudi ukaona kinachotokea. Rekodi haifuti namba: inabaki na ile 12.48 ya mwisho, na kinachobadilika ni hali yake, inakuwa INVALID (si ya kuaminika). Skrini isiyoonyesha hali itaendelea kumwonyesha mwendeshaji 12.48 kana kwamba mambo ni shwari. Tena kuna rekodi za kukokotoa zinazochukua namba hiyo kutoka kwa rekodi hiyo kupitia kiungo. Hizo hazirithi INVALID mpaka uandike MS (maximize severity) mwishoni mwa kiungo hicho. Herufi mbili tu, na ndizo zinazosahaulika.