Je, wajua ni nani huziamuru seli zinazobomoa mfupa?

Mfupa ulio hai haukai vilevile. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Wabomoaji ni seli ziitwazo osteoklasti. Asili yake ni uboho, ukoo mmoja na seli za damu zinazomeza vijidudu. Seli changa kadhaa huungana, ikatokea moja kubwa yenye viini vingi. Hiyo hujigandisha juu ya mfupa, ikaziba kingo zake pande zote, kisha chini yake ikamwaga asidi ya kuyeyusha madini na kimeng'enya cha kukata nyuzi za kolajeni. Ikibanduka, huacha kishimo.

Sasa basi, nani huipa ruhusa? Jibu linanistaajabisha hadi leo: ni seli zinazojenga mfupa, pamoja na zile zilizozikwa ndani yake. Hutoa protini iitwayo RANKL, ambayo ni ufunguo. Kufuli lake liko juu ya seli changa. Ufunguo usipoingia, osteoklasti mpya haizaliwi. Wajenzi haohao hutoa pia osteoprotejerini, protini iliyotangazwa na watafiti mwaka 1997. Hiyo ni kufuli bandia linaloelea na kuunasa ufunguo njiani. Ubomoaji huenda kasi au polepole kutegemea ipi kati ya hizo mbili imezidi.

Hata homoni hupitia humo. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi nne ndogo za shingoni hutoa homoni ya parathiroidi. Ungedhani inakwenda moja kwa moja kwa wabomoaji. La, inakwenda kwa wajenzi, nao wakaongeza RANKL na kupunguza osteoprotejerini. Estrojeni, homoni ya kike, hufanya kinyume chake, tena huharakisha kifo cha osteoklasti. Ndiyo sababu mwanamke akishakoma hedhi na estrojeni kupungua, mifupa yake hupungua uzito haraka katika miaka ya mwanzo.

Dawa ya denosumabu ya kutibu udhaifu wa mifupa, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, ni kingamwili inayoikamata RANKL kama osteoprotejerini ifanyavyo. Huchomwa kila baada ya miezi 6. Lakini haikai mfupani: sindano ikikatizwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, ubomoaji hurudi kwa nguvu kuliko awali, na pingili za uti wa mgongo zinaweza kuvunjika. Anayeitumia asiiache kabla ya kupanga na daktari wake kitakachofuata.